Mtoto wa orkestra anahitaji saa moja nyumbani



Jumamosi moja ya mwezi wa tatu, tulipokwisha kuhesabu franga za likelemba, mama mmoja wa kikundi chetu alinyoosha mkono. Alisema: «Mwalimu, niko na shida. Mutoto yangu wa kike, nataka kumutosha mu orkestra.»

Kabla sijajibu, mwingine alidakia kutoka nyuma: «Orkestra? Ile ya kupiga mu bare?» Tulicheka wote. Lakini yule mama hakucheka, na mimi nikanyamaza.

Tuseme ukweli, sisi tunajua maana ya neno hilo. Hapa kwetu, ukisema orkestra, mtu anaona mara moja magitaa ya umeme, wachezaji wa kike wenye nguo fupi, chupa mezani na watu wanaorudi nyumbani alfajiri. Hakuna mama anayetaka binti wa miaka 13 aingie humo. Lakini binti huyu anapiga violoni. Orkestra yake ni kikundi cha watoto na vijana wanaofanya mazoezi katika ukumbi wa parokia, Jumanne na Jumamosi baada ya saa ya chakula. Walikuwa wanatayarisha konseti yao kubwa ya mwaka, na zilibaki juma nne.

Nikamuuliza mama sababu ya kumtoa. Akajibu: «Pointi zake zilianguka. Mwalimu mwenyewe aliandika mu jurnali ya darasa.»

Wamama wote wakanigeukia. Mwalimu mwenyewe ni mimi. Ninamfundisha binti huyo hesabu katika mwaka wa saba. Ni kweli, mwezi wa pili nilikuwa nimeandika kwa wino mwekundu: «Mtoto apunguze shughuli za nje ya shule.» Niliandika hivyo bila kujua shughuli hizo ni zipi. Nilikuwa nimesikia tu kwamba anapiga muziki, na hiyo ikanitosha.

Leo ninawaelezea nilichokiona baadaye, kwa sababu ninafikiri si mimi peke yangu niliyekosea.

Nilikwenda kujionea

Jumanne iliyofuata nilikwenda kwenye ukumbi ule bila kutangaza. Nilikaa nyuma, kwenye benchi la wazee wa parokia.

Walikuwa watoto kama thelathini. Mdogo alikuwa na miaka tisa hivi, mkubwa alikuwa kijana aliyeanza chuo kikuu. Mbele walikaa wenye violoni. Upande wa kuume kulikuwa na selo mbili, ambazo ni kama violoni kubwa, na mtoto anaishika katikati ya magoti. Nyuma walikuwa wenye filimbi na trompeti, na kijana mmoja mwenye kontrabasi iliyomzidi urefu. Vyombo si vya watoto, ni vya kikundi, na havitoshi. Kwa hiyo kila violoni ina watoto wawili. Mmoja anapiga, mwingine anakaa kando yake, anafuata karatasi ya noti kwa kidole, halafu wanabadilishana.

Nilidhani wataanza kupiga mara moja. Karibu nusu saa ilipita wakipatanisha sauti za nyuzi. Mmoja anatoa sauti ya «la», wengine wanasikiliza, wanakaza uzi kidogo, wanalegeza, wanasikiliza tena. Kiongozi wao, kijana mpole, hakuwa na haraka. Aliwaambia: «Usipige kwa kujisikia weye. Sikia ule wa kando.»

Mimi ni mwalimu, kwa hiyo niliangalia jinsi anavyokaripia. Mtoto aliyekosea noti hakukaripiwa, alirudia tu. Aliyekaripiwa ni yule aliyepiga wakati wengine wananyamaza. Hilo lilinishangaza. Darasani kwetu tunamsifu mtoto anayejibu wa kwanza, na mara nyingi hatuna neno kwa yule anayejua kungoja.

Binti yetu alikuwa kwenye mstari wa pili. Kuna mahali violoni zake zinanyamaza muda mrefu na selo zinaendelea peke yake. Niliona midomo yake inatembea. Alikuwa anahesabu: moja, mbili, tatu, nne, mbili, mbili, tatu, nne, tatu, mbili, tatu, nne... mpaka kumi na sita. Hapo akainua upinde na kuingia pamoja na wengine wote, bila kuambiwa na mtu. Baadaye nilitazama karatasi yake. Noti moja nzima inagawanywa katika nusu, nusu inagawanywa katika robo, robo inagawanywa katika sehemu ya nane. Ni zile sehemu za namba ninazoziandika ubaoni kila juma, na ambazo binti huyu ananiachia wazi kwenye daftari.

Sitawaambia kwamba muziki unamfanya mtoto awe na akili ya hesabu. Sikuona hivyo. Lakini niliona mtoto asiyelala usingizi, na darasani kwangu huyo huyo alikuwa analala.

Jibu ambalo sikuwa nimeliuliza

Mazoezi yalipokwisha, nilitembea naye hadi kwenye barabara kubwa. Nilimuuliza analala saa ngapi. Aliangalia chini, halafu akaniambia mpango wa siku yake kama mtu anayesoma orodha.

Anaamka saa kumi za usiku, kwa sababu robine ya kartie yao inatoa maji kabla ya mapambazuko tu, na mstari wa mabidoni ni mrefu. Anajaza bidoni nne, safari mbili. Anafagia, anaosha vyombo vya usiku, anakwenda shule. Akirudi anamsaidia mama kukaanga mikate ya kuuza. Jumanne na Jumamosi anakwenda kwenye mazoezi. Jioni anasonga bukari, anaosha vyombo, na watu wakilala ndipo anafungua daftari, kwa mwanga wa simu kama bado ina umeme.

Nilimuuliza: «Uko na ndugu nyumbani?»

«Niko na kaka mbili, mwalimu. Bakubwa.»

«Na wao wanafanya nini saa kumi za usiku?»

«Banalala. Banasema maji ni kazi ya banamuke.»

Wamama, nilirudi nyumbani na uzito moyoni. Nilikuwa nimepiga hesabu mbaya. Mazoezi yanachukua saa tano kwa juma zima. Maji peke yake yanachukua saa mbili kila siku, ndiyo saa kumi na nne kwa juma. Na mimi, mwenye dipolome ya kufundisha, nilipotafuta kitu cha kupunguza, nilichagua kile kimoja tu ambacho mtoto mwenyewe alikichagua.

Si kwamba mama yake ni mbaya. Mama huyu anaamka pamoja naye kuwasha makala. Naye alilelewa hivyo hivyo, na mimi pia.

Wale wa Kinshasa walianza na nini

Kama mnafikiri muziki wa namna hii ni wa watu wenye nafasi na mali, tutazame Kinshasa. Huko kuna Orchestre Symphonique Kimbanguiste, iliyoanzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu. Yeye alikuwa rubani wa ndege. Kazi ilipokwisha, alikusanya watu wa korali na marafiki, akawaambia wajifunze vyombo. Yeye mwenyewe ilibidi ajifunze ndipo awafundishe.

Watu walikuwa wengi kuliko violoni. Walipeana zamu: mmoja anapiga kwa dakika chache, anampa mwenzake, anangoja. Uzi wa violoni ulipokatika na dukani hakuna, walitumia waya wa breki ya baiskeli. Kontrabasi ilipokosekana, walifungua ya zamani, wakapima vipande vyake, wakatengeneza nyingine kwa mikono yao.

Mwaka 2010 Wajerumani wawili, Claus Wischmann na Martin Baer, walitoa filamu juu ya orkestra hiyo, jina lake «Kinshasa Symphony». Mle ndani utaona watu wanatayarisha Simfonia ya Tisa ya Beethoven, na umeme unakatika katikati ya wimbo. Mpigaji mmoja anatoka kwenye kiti chake kwenda kutengeneza waya, wengine wanaendelea gizani. Utaona mama anayeuza chakula sokoni tangu alfajiri, jioni anashika selo. Utaona mwingine anayepiga filimbi, naye anamlea mtoto wake peke yake na anatafuta nyumba ya kupanga. Mwaka 2014 orkestra hiyo ilikwenda kupiga Uingereza.

Mimi katika filamu hiyo niliangalia zaidi wanawake kuliko Beethoven. Kila mmoja wao, ili akae kwenye kile kiti saa ya mazoezi, lazima kuna mtu mahali fulani aliyebaki na mtoto, au aliyepika, au aliyechota maji. Mtu huyo haonekani kwenye jukwaa. Lakini bila yeye kiti kile kingebaki kitupu.

Wasichana nyuma ya chuma, wavulana wa Kamina

Katika karatasi ya konseti ya watoto wetu kulikuwa na jina la Antonio Vivaldi. Nilitafuta habari zake ili niwaelezee wanafunzi, na habari hizo zinatuhusu kuliko nilivyofikiri.

Vivaldi alikuwa padri wa mji wa Venice, Italia, aliyezaliwa mwaka 1678. Tangu mwaka 1703 alifundisha violoni katika nyumba iliyoitwa Ospedale della Pietà. Ilikuwa nyumba ya kulea watoto walioachwa na wazazi wao, na wasichana wa pale walifundishwa muziki hata wakafanya orkestra yao wenyewe. Walipiga vizuri mpaka wageni wa Ulaya nzima walisafiri kuja kuwasikiliza. Lakini walipopiga, waliwekwa juu, nyuma ya nondo za chuma, ili watu wasiwaone. Sauti yao ilikubaliwa, sura yao ilifichwa.

Kwetu Katanga nako kuna historia. Katika miaka ya 1950, huko Kamina, padri Guido Haazen alikusanya wavulana karibu 45, wa miaka 9 hadi 14, pamoja na walimu 15 wa shule. Waliimba misa kwa sauti na ngoma za kwetu, ile inayoitwa Missa Luba, na mwaka 1958 walisafiri kuiimba Ulaya. Ninajivuna ninapokumbuka kwamba walimu wa shule kama mimi walisimama katika kundi lile. Lakini hesabuni tena: wavulana 45, na hakuna msichana.

Leo binti zetu wamekaa mbele, hawafichwi na chuma. Hakuna padri wala serikali inayowakataza. Kinachowatoa ni bidoni ya maji, tena ni sisi wenyewe tunaowatwika.

Mazungumzo ya mama na baba

Nilimwendea yule mama, nikamwomba msamaha kwa maneno niliyoyaandika. Nilimwambia nilichokisikia barabarani. Hakufurahi. Aliniuliza: «Mwalimu, sasa maji nani atachota? Weye?»

Swali lake ni la haki. Ni rahisi mwalimu kuja na daftari na kusema mtoto apumzike. Tulikaa tukaandika kazi zote za nyumba kwenye karatasi, moja baada ya nyingine, na kando ya kila kazi jina la anayeifanya. Jina la binti liliandikwa mara kumi na moja. La kaka mkubwa mara moja: kununua umeme wa simu. La kaka wa pili halikuwamo.

Mama aliitazama ile karatasi kwa muda mrefu. Halafu akaikunja, akaiweka kwenye kitambaa chake na kusema atamwonyesha baba yao.

Baba ni mtu wa mgodi, anafanya kazi kwa zamu. Yeye hakukataa muziki kwa kuuchukia. Alikuwa na hofu mbili, na alizisema waziwazi: binti atarudi giza likiwa limeingia, na watu watasema amekuwa mwanamuziki. Kwa hofu ya kwanza, tulikwenda pamoja kwa viongozi wa kikundi. Wakakubali mazoezi yaishe saa kumi na moja kamili, na watoto wa kartie moja warudi pamoja na mtu mzima. Mama wengine wawili wa kikundi chetu walijitolea kwa zamu. Kwa hofu ya pili, hatukuwa na dawa. Tulimwambia tu: njoo usikilize.

Kuhusu maji, walipatana hivi: kaka mkubwa achote Jumanne na Jumamosi, kaka wa pili Alhamisi. Siku nyingine ni binti. Si nusu kwa nusu. Lakini ni siku tatu ambazo mtoto anaamka saa kumi na mbili asubuhi, na jioni ya siku hizo ana saa moja ya kwake: nusu ya daftari, nusu ya violoni.

Siku ya konseti

Ulaya wana majira yanayoitwa printemps, yaani majira ya kuchipua: baridi kali inaisha, miti iliyokuwa mitupu inatoa majani mapya, na orkestra za vijana zinafanya konseti ya kukaribisha majira hayo. Hapa Lubumbashi hatuna printemps. Mwezi wa nne kwetu ni mvua zinazoaga, na baada yake kiangazi na baridi yake ya asubuhi. Lakini watoto waliipenda ile desturi, wakaweka konseti yao Jumapili moja baada ya Pasaka, saa tisa alasiri.

Ukumbi ulijaa. Wamama walikuja na pagne za kikundi, wengine na watoto mgongoni. Nilimwona mama yetu kwenye mstari wa tatu, mikono imekunjwa, hatazami mtu.

Walianza na «Printemps» ya Vivaldi, sehemu ya kwanza ya zile nyimbo zake nne za majira zilizochapishwa mwaka 1725. Violoni zinaigiza ndege wanaoitana, halafu mto unaotiririka polepole, halafu radi. Na wakati ule ule watoto walipofika kwenye radi, mvua ya kweli ilianguka juu ya mabati. Hakuna aliyesikia kitu tena. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kiongozi alishusha mikono, na watoto wote wakashusha pinde zao, wakakaa kimya wakingoja. Labda dakika kumi. Hakuna aliyesimama, hakuna aliyechezea chombo. Mtoto wa miaka tisa alikuwa amekaa wima sawa na yule wa chuo kikuu. Mimi ninajua kazi ya kunyamazisha darasa kwa dakika kumi, kwa hiyo hapo nilipiga makofi peke yangu, wakanitazama.

Mvua ilipopungua, walianza upya kutoka mwanzo. Baadaye wakapiga ule wimbo wa furaha wa Simfonia ya Tisa. Kiongozi alituambia kwamba Beethoven alipouonyesha kwa watu mwaka 1824 alikuwa ameshakuwa kiziwi, hakusikia hata makofi. Mama mmoja kando yangu akasema pole pole: «Masikini.»

Kisha wakabadilisha. Waliweka pinde chini, wakaanza kuchuna nyuzi za violoni kwa vidole. Wazee wa nyuma walitambua wa kwanza. Ilikuwa «Masanga» ya Mwenda Jean Bosco, mtu wa kwetu, ule wimbo wa gitaa aliorekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Gitaa moja la Mwenda lilikuwa limegawanywa kwa watoto kumi na watano: hawa wanachuna sauti ya chini, hawa ya juu, na hakuna aliyemwangusha mwenzake. Mzee mmoja alivua kofia.

Walimaliza kwa «Indépendance Cha Cha» ya Kabasele na African Jazz, ile ya mwaka 1960. Hapo hakuna aliyebaki kwenye benchi. Wamama walicheza, padri alicheza, hata watoto wa mstari wa mbele walitikisa mabega wakipiga. Sasa nilielewa kwa nini kiongozi alipanga nyimbo namna ile. Wazazi waliokuja kwa ajili ya Kabasele walisikia Vivaldi bila kujuta, na watoto waliokuja kwa ajili ya Vivaldi walijifunza kwamba Mwenda si mdogo wake.

Na baba? Alikuja akichelewa, na nguo zake za kazi, akasimama mlangoni. Alisikia Beethoven na Masanga. Wakati wa kucheza nilimtafuta, alikuwa ameshakwenda kwenye zamu yake. Mama alisikitika. Lakini kesho yake binti alinisimulia. Baba alirudi asubuhi, akanywa chai, akamuuliza: «Ule wakati haukuwa unapiga, ulikuwa unafanya nini?»

Binti akamjibu: «Nilikuwa nahesabu, baba.»

«Mpaka ngapi?»

«Mpaka kumi na sita.»

Baba akasema: «Sawa,» akaenda kulala. Mazungumzo yaliishia hapo, na tangu siku ile hajasema tena juu ya kumtoa.

Tumefika wapi

Msidhani kila kitu kimetengenezeka. Katika buletini ya mwisho pointi za hesabu za binti huyu zilipanda kidogo tu, bado hazinifurahishi. Kaka wa pili alikataa Alhamisi yake mara mbili, mama akamtolea sauti, sasa anakwenda akinung'unika. Tofauti ninayoiona mimi ni moja: mtoto halali tena darasani siku ya Jumanne, na anapokosea anainua mkono na kusema hakuelewa. Zamani aliacha nafasi wazi na kunyamaza.

Wamama, katika vikundi vyenu najua wako watoto wanaotaka kuingia korali, tiyatri, mpira au orkestra kama hii. Kabla ya kukubali au kukataa, ninawaomba mwulize mambo haya mliyo na haki ya kuyajua. Nani anawafundisha watoto, na kuna mwanamke mzima hapo wakati wote? Wanamaliza saa ngapi, na nani anawarudisha? Ni franga ngapi, na mtoto asiye nazo wanamfanyia nini? Chombo kikivunjika nani analipa? Kikundi kizuri hakikasiriki kikiulizwa. Kikikasirika, mwacheni mtoto abaki nyumbani.

Baada ya hapo, chukueni karatasi mwandike kazi za nyumba yenu na majina kando yake, kama tulivyofanya sisi. Ifanyeni baba akiwapo, na wavulana wakiwapo. Hesabuni jina la nani linarudi mara nyingi. Kama ni la binti, mtafutieni saa moja kwa siku. Hata kama hapigi chombo chochote, atasoma, au atakaa tu.

Nanyi walimu wenzangu mnaosoma karatasi hii: kabla ya wino mwekundu, mwulizeni mtoto anaamka saa ngapi.

Jumamosi ijayo, baada ya likelemba, tutazungumza juu ya karatasi hizo. Kila mama aje na yake. Yangu pia nitaileta, maana nyumbani kwangu niliiandika juma lililopita, na jina la binti yangu lilikuwa mara nane.